Sufuria Isiyong'aa Ndani

Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, mama mkwe akija kumtazama bibi harusi, jicho lake huanzia kwenye kichanja cha vyombo. Sufuria zikiwaka kama kioo, nje na ndani, mke amesifiwa. Mimi napika na kuuza chakula kambini: sombe ya majani ya muhogo, maharage, bugali (ugali) na ndagala (dagaa). Desturi hiyo naipinga waziwazi, kwa sababu ya watoto wanaokula humo.

Aluminiamu ikikutana na hewa hujivika papo hapo utando mwembamba, mgumu, unaotenga chakula na metali. Maji yakichemshiwa humo siku baada ya siku, utando hunenepa, ndani pakawa pa kijivu, hata peusi. Wengi wanadhani ni uchafu. Wanachukua mchanga au waya, wanasugua mpaka metali tupu ionekane, kisha wanamimina nyanya. Na nyanya, ndimu na ukwaju ndivyo vinavyoula utando huo. Magadi nayo huula. Jirani yangu Mmalawi, mzaliwa wa wilaya hii ya Dowa, hupika therere (mlenda) kwa chidulo, yaani maji yaliyochujwa kwenye majivu, na chombo chake ni chungu cha udongo. Chidulo hakikidhuru chungu, na mlenda wake hauna ladha ya bati.

Ninaloliogopa zaidi limo katika sufuria nzito za kusubu, zile tunazozifuata Lilongwe, zaidi ya kilomita 40 kutoka hapa. Fundi hukusanya pistoni, vipande vya injini, makopo na vyuma chakavu vingine, akaviyeyusha kwa makaa yanayopulizwa. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660, kisha humwagwa katika kalibu ya mchanga. Ni kazi ya ustadi, na nazipenda sufuria hizo. Aluminiamu hupitisha joto mara nne hivi ya chuma cha kusubu, na kwa unene ule moto husambaa sawasawa, bugali haushiki chini upande mmoja. Lakini katika chakavu huweza kuwamo madini ya risasi. Mwaka 2017 watafiti walitangaza matokeo ya vyombo 42 vya aina hii kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo. Walivichemshia asidi hafifu, na takribani theluthi moja vilitoa risasi kwa kiasi cha kuhatarisha afya. Risasi haina harufu wala ladha, nayo huharibu ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kilicho salama. Kuacha kusugua ndani hakuiondoi, ila huenda kukapunguza kinachoingia chakulani.

Zipo desturi ninazozitetea kwa nguvu hiyohiyo. Mama aliyenifundisha sombe alikataza kufunika sufuria mwanzoni. Majani ya muhogo yakitwangwa hutoa sianidi, sumu inayogeuka mvuke kwenye nyuzi 26 tu. Twanga vizuri, chemsha wazi, muda mrefu, sumu itaondoka na mvuke. Ukifunika unairudisha sufuriani.

Na kitako cha nje? Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu wapatao 10,000, leo tumezidi 50,000, na kuni za jirani zimekwisha. Makaa ni fedha. Kwenye mbaula, jiko letu la makaa, makaa mekundu hurusha joto kama jua linavyorusha, na kitako king'aacho hulirudisha chini, cheusi hulipokea. Masizi yakiwa mazito yakwangue, lakini weusi wenyewe uache. Mwenye kutaka mng'aro asugue ubavuni.

Kwangu, vyenye nyanya au ndimu hupikwa katika sufuria nyembamba ya kiwandani. Ile ya kusubu ni ya bugali, na ya maharage yasiyotiwa magadi. Chakula hakilali humo, na wasichana wanaonisaidia huiosha kwa kitambaa na sabuni.