Wepesi wa Mizani, Wazito wa Konde: Rekodi za Ulingoni kutoka Eastlands

Mtu akitaja Eastlands ya Nairobi na michezo, maneno huishia kwenye kandanda. Sawa. Lakini medali ya Olimpiki ya kandanda Kenya haina hata moja. Za ndondi inazo saba, na iliyo kubwa kuliko zote ililetwa na kijana wa mtaa wa Muthurwa. Ukizipanga rekodi za mabondia wetu unagundua jambo la kushangaza kidogo: nyingi zimeandikwa na mapigano ambayo hayakupiganwa kamwe.

Tuanze na dhahabu iliyo peke yake. Kenya ina dhahabu nyingi za Olimpiki, na zote ni za riadha isipokuwa moja. Hiyo moja ni ya Robert Wangila Napunyi, Seoul 1988, uzani wa welter, kilo 67. Kwenye nusu fainali alimsubiri Jan Dydak wa Poland, ambaye hakupanda ulingoni kwa sababu ya jeraha. Fainali haikuwa na zawadi ya namna hiyo, na hakuihitaji. Mfaransa Laurent Boudouani alikwenda chini raundi ya pili na pambano likaisha hapo. Wangila akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya ndondi ya Olimpiki, akiwa na miaka 21. Miaka sita baadaye, Julai 1994, alifariki Las Vegas baada ya pambano la kulipwa na David Gonzales, ambalo refa alilisimamisha huku yeye akipinga.

Kabla ya Seoul kulikuwa na mavuno ya nyumbani. Michezo ya Afrika ya 1987 ilifanyika Nairobi, na katika ndondi Kenya ilizoa dhahabu nane, moja ikiwa ya Wangila huyo huyo. Tangu hapo wazee wa ndondi hulitaja jina la Hit Squad, timu ya taifa ya ndondi, kwa sauti ya mtu anayedai deni.

Uzani wenyewe mwepesi, ule wa kilo 60, una rekodi yake, na ni ya Samuel Mbugua. Munich 1972 alipata shaba, na mpaka leo ndiye Mkenya pekee aliyepata medali ya Olimpiki katika uzani huo. Nusu fainali yake dhidi ya Jan Szczepański, Mpolandi aliyeishia kuchukua dhahabu, haikupiganwa: Mbugua hakupanda, ushindi ukaenda kwa mwenzake. Miaka 16 kabla ya Mpolandi mmoja kumpisha Wangila, Mkenya alikuwa amempisha Mpolandi. Ukiniuliza, hesabu ilikuwa sawa.

Rekodi ya Benson Gicharu ndiyo inayouma zaidi. Michezo ya Jumuiya ya Madola, Delhi 2010, uzani wa fly: alifika fainali dhidi ya Suranjoy Singh mbele ya mashabiki wa Kihindi, lakini jeraha likamzuia kupanda. Akavalishwa fedha bila kurusha hata konde moja siku ya fainali.

Na hao wote walifika walipofika baada ya kupita kwenye mpinzani asiyekosa, yaani mizani. Asiyewahi kuona bondia mwepesi akitafuta nusu kilo ya kupoteza hajui ndondi. Amevaa nailoni chini ya jaketi, jua kali, anaruka kamba nyuma ya ukumbi. Katikati anatema mate kwenye kopo, kwa kuwa hata mate yana uzito. Akiitwa, anavua kila kitu hadi chupi, anapanda, anashika pumzi kana kwamba pumzi nayo itahesabiwa. Kocha hamtazami yeye, anatazama sindano. Ikipita mstari hata kwa upana wa ukucha, anarudi kwenye kamba. Ikikubali, jambo la kwanza ni maji, na kwa pupa.

Rekodi ya mtu aliyenyimwa zaidi nampa Stephen Muchoki, wa light-fly, kilo 48. Fedha ya dunia Havana 1974, dhahabu ya dunia Belgrade 1978, na dhahabu mbili za Jumuiya ya Madola katika miaka hiyo hiyo. Olimpiki je? Kenya ilisusia Montreal 1976 kwa sababu ya ziara ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini, kisha ikasusia Moscow 1980 kwa sababu ya Afghanistan. Miaka yake bora ikaliwa na siasa za nchi ambazo hazikumhusu. Alipoingia ndondi za kulipwa, nafasi ya ubingwa wa WBA ilimjia Copenhagen mwaka 1982, na Santos Laciar akamsimamisha raundi ya 13.

Christine Ongare, aliyefunzwa Kariobangi na Boxgirls, yeye alivunja mlango mwingine. Shaba yake ya kilo 51, Gold Coast 2018, ilikuwa medali ya kwanza ya bondia wa kike wa Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola.

Mizani si ya mabondia peke yao: wanajudo nao hupimwa, na wana historia yao ya wepesi. Dhahabu ya kwanza kabisa ya judo katika Olimpiki, Tokyo 1964, ilikuwa ya uzani mwepesi, akaichukua Takehide Nakatani wa Japani. Ni Tokyo hiyo hiyo mkimbiaji Wilson Kiprugut alikoipa Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki. Leo uzani huo wa judo ni kilo 73, na Paris 2024 Tanzania ilimpeleka Andrew Thomas Mlugu kushindana humo.

Paris hiyo ndiyo iliyoleta rekodi ambayo hakuna kocha wa Muthurwa aliyeitaka. Medali ya mwisho ya ndondi za Olimpiki kwa Kenya ni ya 1988. Tokyo 2020 walikwenda mabondia wanne, wote wakatolewa pambano la kwanza. Paris walikwama wote kwenye mechi za kufuzu. Kenya ikapeleka mwanajudo, Zeddy Cherotich, na bondia hakupeleka hata mmoja.