Mashine na Mzigo wa Wakulima wa Mwani

Kibuyuni ni kijiji cha pwani kilicho karibu na Shimoni, katika Kaunti ya Kwale. Tangu mwaka 2010 hivi wakazi wake, wengi wao wanawake, wamekuwa wakilima mwani wa kuuza. Wasomaji wa bara wasiopata kuuona wajue ya kuwa mwani ni mmea wa baharini. Hutolewa ndani yake kitu cha kugandisha, kiitwacho karajinani, nacho hutiwa katika dawa ya meno, aiskrimu na vyakula vingine.

Mambo ya mti hupigwa mchangani, kamba hutandwa kati yake, na vipande vya mbegu hufungwa kambani kimoja kimoja. Baada ya siku 45 hivi mwani huwa tayari. Kazi hii hufuata bamvua, maji yanapokupwa mbali. Lakini kilo 7 hadi 10 za mwani mbichi zikikauka hubaki kilo 1 tu. Basi mwanamke ajitwikaye gunia kutoka shambani huchukua maji zaidi kuliko mali, na bahari ikianza kujaa haimngoji.

Ukishafika nchi kavu, mwani huanikwa juu ya chanja. Jua halina gharama, ila siku za masika mvua huuharibu. Hapo ndipo kikaushio chenye pangaboi kinapofaa. Hewa ya moto hupulizwa kati ya matabaka ya mwani, na kipimajoto kilichoungwa na swichi hukata moto joto likizidi, kisha huuwasha tena likipungua. Jambo hili si la ajabu. Pasi ya umeme hufanya vivyo hivyo. Faida yake ni kwamba mtu hana haja ya kukesha akilinda. Mwani wa biashara hutakiwa ubaki na unyevu wa kiasi cha asilimia 35: ukizidi huoza ghalani, ukipungua mno huvunjikavunjika.

Mwani mkavu usioshindiliwa hujaza lori upesi kabla uzito haujatosha, na nauli ni ile ile. Kwa hiyo shinikizo huukandamiza ukawa marobota. Na ule wa kutengenezea sabuni, kazi ambayo wanawake wa Kibuyuni na wa Unguja wameianza, huhitaji kusagwa unga. Mashine ya kusaga huondoa uchovu wa kinu na mchi.

Wako waogopao kwamba mashine zitawanyang'anya watu kazi. Hofu hiyo haifai kudharauliwa, lakini kufunga mbegu kambani bado ni kazi ya mikono. Shaka iliyo kubwa zaidi ni chumvi, ambayo hula chuma haraka. Chama kinachonunua mashine bila kutenga fedha za vipuri na fundi kitarudi kwenye mchi. Kila jioni vyuma vioshwe kwa maji yasiyo ya chumvi, vikaushwe, vipakwe mafuta, na nyaya za umeme zifunikwe.