Chanjo ya mafua ya nguruwe: Mbona bado wanakohoa?

MKULIMA amenunua chanjo, ameihifadhi kwenye friji inavyotakiwa, na daktari wa mifugo amewadunga nguruwe wote sindano bila kumruka hata mmoja. Miezi michache baadaye zizi zima linakohoa. Nguruwe wana homa, wanahema kwa shida na hawataki kula. Je, aliuziwa maji?

Huenda chanjo ilikuwa nzuri kabisa, ila ilitengenezwa kupambana na virusi tofauti na vile vilivyoingia zizini. Tatizo hili limewasumbua kwa miaka mingi wafugaji wa Marekani na Ulaya, ambako nguruwe hufugwa kwa maelfu na kuchanjwa dhidi ya mafua.

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa majina. Mwaka wa 2009 wengi wetu tuliyaita mafua haya 'homa ya nguruwe'. Lakini kwa mfugaji wa Kenya, homa ya nguruwe ni ule ugonjwa mwingine ulioelezwa kutoka humu nchini mwaka wa 1921, ambao huua karibu kila nguruwe anayeupata na haumwambukizi binadamu. Mafua ni tofauti. Karibu zizi zima huugua kwa wakati mmoja, lakini wanaokufa ni wachache na wengi hupona baada ya wiki moja hivi. Hasara yake ni nguruwe kukonda, mimba kuharibika na gharama ya dawa.

Chanjo hufanya kazi kama picha ya mwizi iliyobandikwa katika kituo cha polisi. Kinga ya mwili huonyeshwa protini iliyo juu ya virusi, ikaikariri, na kuvikamata virusi vyenye sura hiyo vikitokea. Shida ni kwamba virusi vya mafua hubadilisha sura kila mara. Wakati mwingine aina mbili hukutana ndani ya nguruwe mmoja na kubadilishana sehemu zao, na hapo huzaliwa kitu kipya kabisa.

Nchini Marekani, Richard Shope alivitambua virusi hivi katika jimbo la Iowa mwaka wa 1930. Kwa karibu miaka 70 iliyofuata, H1N1 ya nguruwe wa huko ilibadilika kidogo tu. Mwaka wa 1998 mambo yaligeuka. Katika majimbo kadhaa kulizuka H3N2 yenye sehemu zilizotoka kwa nguruwe, binadamu na ndege. Huko Ulaya nako, H1N1 ya ndege ilikuwa imeingia kwa nguruwe tangu mwaka wa 1979. Kwa hivyo H1N1 ya Ulaya na H1N1 ya Marekani zina jina moja lakini sura mbalimbali. Mfugaji anayesoma tu 'H1N1' kwenye chupa hajaambiwa mengi.

Utafiti uliolinganisha virusi kutoka mabara mbalimbali, uliochapishwa mwaka wa 2016, ulionyesha kwamba tofauti hizo ni kubwa mno kwa chanjo moja kutosha dunia nzima. Aidha, sisi binadamu tumechangia pakubwa, kwani mara nyingi tumewaambukiza nguruwe mafua yetu, nayo yakaendelea kubadilika ndani yao.

Kwa chanjo ya watu, Shirika la Afya Duniani (WHO) hukutanisha wataalamu kila Februari na Septemba kuchagua aina za virusi zitakazotumiwa. Nguruwe hawana mpango kama huo. Chanjo ya Respiporc FLU3, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka wa 2010, ilitengenezwa kwa virusi vilivyopatikana kwa nguruwe mwaka wa 2000 na 2003. Iliyolenga virusi vya mlipuko wa 2009 iliidhinishwa huko mwaka wa 2017.

Ili kujua kama chanjo inafaa, maabara huchukua maji ya damu ya nguruwe aliyechanjwa na kuyachanganya na virusi vya sasa, kisha chembe nyekundu za damu. Kinga ikivitambua virusi, chembe hizo hazigandamani. Maji hayo huzimuliwa tena na tena kupima nguvu yake.

Nchini Marekani baadhi ya wafugaji hutengenezewa chanjo kutokana na virusi vya shamba lao wenyewe. Ni wazo zuri, ila kazi hiyo huchukua muda, na virusi havimngojei mtu.

Lililonishtua zaidi ni majaribio yaliyofanywa katika kituo cha utafiti wa magonjwa ya mifugo cha Ames, Iowa. Nguruwe waliopewa chanjo ya virusi vilivyouawa, kisha wakaambukizwa H1N1 ya 2009 isiyolingana nayo, waliumia mapafu kuliko wenzao ambao hawakuchanjwa kamwe. Chanjo isiyolingana, basi, inaweza kuleta madhara.

Hapa Kenya, uchunguzi wa mwaka wa 2013 na 2014 katika vichinjio uliipata H1N1 ya 2009 katika nguruwe, ingawa haikupatikana kwa wafanyakazi waliopimwa. Basi mtu akikujia na chanjo ya mafua ya nguruwe, muulize imetengenezwa kwa virusi vya nchi gani na vya mwaka gani, na kama imewahi kupimwa dhidi ya hivyo vya 2009. Muulize pia umri unaofaa, maana watoto wa nguruwe jike aliyechanjwa hupata kinga kupitia maziwa yake ya kwanza, na kinga hiyo huweza kuizuia chanjo yao wenyewe kufanya kazi.

Mfanyakazi mwenye mafua asiingie zizini. Nguruwe wakianza kukohoa, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo achukue kamasi za puani kwa uchunguzi. Baada ya wiki moja virusi huwa vimetoweka puani, na maabara haitaona kitu.