Betri ya moyo iliyomfungia Eriksen Italia, England ikampokea

KIUNGO Christian Eriksen alikuwa anafuata mpira wa kurushwa dakika ya 43 alipoanguka bila kuguswa na mtu. Ilikuwa Juni 12, 2021, Denmark na Finland kwenye Euro, Uwanja wa Parken, Copenhagen. Moyo ulisimama. Madaktari wakaushtua kwa mashine palepale kwenye nyasi, ukarudi.

Siku chache baadaye akawekewa kifaa kifuani. Hicho ndicho kilichomkosesha kazi.

Mtaani wanasema 'kafungwa betri ya moyo'. Sawa, ila betri zenyewe ziko za aina mbili.

Ya kwanza ni pesimeka, ya mtu ambaye moyo unapiga taratibu mno au unasitasita. Kiboksi kidogo kinakaa chini ya ngozi, karibu na mtulinga, na waya unapita kwenye mshipa hadi ndani ya moyo. Moyo ukichelewa, kinatuma umeme kidogo ambao kwa kawaida mwenyewe hata hausikii. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, inawawekea wagonjwa betri hizi.

Cha Eriksen kinafanya kazi kama kipa. Kinaangalia tu, lakini moyo ukianza mbio za kuua, kinaupiga shoti urudi kwenye mapigo yake. Shoti hiyo inasikika, tena sana.

Italia hairuhusu mchezaji mwenye kifaa hicho kushindana. Inter, aliyotoka kubeba nayo ubingwa wa Serie A, ikaachana naye Desemba 2021. England hakuna katazo la jumla, hivyo Brentford ikamsajili Januari 2022, kisha akaenda Manchester United. Moyo uleule, kifaa kilekile!

Na hakuwa wa kwanza. Beki Daley Blind alifungwa chake 2019, akaendelea na Ajax, na Kombe la Dunia 2022 akaifunga Marekani.

Hatari ipo. Kiwiko kikali kifuani kinaweza kuharibu waya, na kifaa hakiponyi ugonjwa, kinasubiri tu.

Juni 16, 2024, siku 1,100 baada ya Parken, Eriksen aliifunga Slovenia kwenye Euro mjini Stuttgart. Betri nayo huisha baada ya miaka kadhaa, kiboksi kinabadilishwa kwa upasuaji mdogo. Kazaliwa 1992, kwa hiyo hata akistaafu soka, kwa daktari atarudi tu.