Nani Alikasirika, Nani Alisikilizwa

Tarehe 5 Juni 2013 gazeti la Guardian la Uingereza lilichapisha amri ya mahakama ambayo haikuandikwa ili isomwe na umma. Amri hiyo, ya Aprili 25 mwaka huo, iliitaka kampuni ya simu ya Verizon ilikabidhi Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, NSA, kumbukumbu za simu za wateja wake, siku hata siku, hadi Julai 19. Hapakuwa na jina la mshukiwa. Kesho yake likafichuliwa jina la PRISM, mpango uliolipatia NSA barua pepe, picha na mazungumzo ya watumiaji wa kampuni tisa, zikiwemo Microsoft, Yahoo, Google, Facebook, Skype na Apple. Juni 9, akiwa Hong Kong, Edward Snowden, mwenye umri wa miaka 29 na mfanyakazi wa kampuni iliyopewa kazi na NSA, alijitokeza na kusema nyaraka hizo amezitoa yeye.

Zaidi ya miaka kumi imepita, na kila mazungumzo ya ulinzi wa taarifa binafsi yanapofika kwa Snowden, hukumu inayotolewa ni ileile: zilikuwa kelele za chura, watu walilalamika wiki mbili kisha wakarudi Facebook. Sikubaliani nayo. Umma uliitikia, tena kwa kina. Ila mwitikio wake ulikuwa wa namna tofauti kabisa kati ya watu na watu, na sisi wa Afrika Mashariki tunahitaji kujua tulikuwa kundi gani.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo habari za siku zile ziliyachanganya.

La kwanza ni kumbukumbu za simu, zilizokusanywa kwa kutumia kifungu cha 215 cha Sheria ya Patriot ya mwaka 2001. Hapa NSA halikusikiliza maongezi. Lilichukua namba iliyopiga, namba iliyopigiwa, saa na muda wa simu. Serikali ililirudia hilo mara nyingi ili kutuliza watu, lakini kwa anayeijua kazi ya data halitulizi chochote. Namba inayopiga kliniki ya VVU, muda mfupi baadaye ikampigia dada mtu, kisha ikamtafuta wakili wa ndoa, imeshasimulia habari yake yote. Tena maongezi yanahitaji mtu wa kuyasikiliza na kuyaelewa, wakati kumbukumbu za namna hii kompyuta huzipanga kwa mamilioni bila kuchoka.

La pili ni PRISM, inayotegemea kifungu cha 702, kilichoingizwa mwaka 2008 katika sheria ya upelelezi wa nje ya Marekani. Hapa kinachochukuliwa ni maudhui yenyewe. Mlengwa lazima awe mtu asiye Mmarekani aliye nje ya Marekani, na akishakuwa hivyo hakuna hati ya jaji inayotolewa kwa jina lake. Mahakama ya siri huidhinisha taratibu za jumla mara moja kwa mwaka, kisha wachambuzi wenyewe huchagua anwani za kufuatilia. Barua pepe ya mwalimu wa Morogoro ikipita kwenye seva iliyoko Marekani, mbele ya kifungu hiki mwalimu huyo ni mgeni tu.

Siku tano baada ya habari ya Verizon, kituo cha utafiti cha Pew kilitoa matokeo ya maoni: asilimia 56 ya Wamarekani walisema ufuatiliaji wa kumbukumbu za simu unakubalika, 41 wakakataa. Wengi wakahitimisha kwamba umma umeridhia. Lakini swali la karibu namna hiyo lilikuwa limeulizwa mwaka 2006, zama za Rais Bush, na hapo ndipo takwimu zinapofumbua macho. Mwaka 2006 asilimia 75 ya wafuasi wa chama cha Republican walikubali na ni asilimia 37 tu ya Democrats waliokubali. Mwaka 2013, Obama akiwa Ikulu, Democrats waliokubali walifika asilimia 64 na Republicans wakashuka hadi 52. Wengi walikuwa wakijibu kama wanamwamini aliyeshika rungu. Rungu lenyewe hawakulijadili.

Ndiyo maana naona takwimu za maoni ni kipimo dhaifu katika jambo hili. Mtu akiulizwa kwenye simu na mgeni kama anaogopa kufuatiliwa, jibu la heshima ni kwamba hana cha kuficha. Mtazame anachofanya akiwa peke yake mbele ya skrini.

Mtafiti wa Kanada, Jon Penney, alifanya hivyo. Alichukua makala 48 za Wikipedia ya Kiingereza zinazogusa maneno ambayo serikali ya Marekani ilijulikana kuyafuatilia, kama al-Qaeda na mabomu ya magari, akahesabu usomaji wake kabla na baada ya Juni 2013. Katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2016 alikuta usomaji umeanguka kwa karibu asilimia 20, na mwelekeo uliokuwa ukipanda miezi ya nyuma ukageuka kushuka. Kusoma makala hizo hakukuwa kosa, wala hapakuwa na sheria mpya wala aliyetishwa. Watu walianza kuziogopa kurasa za kamusi elezo. Mwaka huohuo wa 2013 chama cha waandishi cha PEN Marekani kiliwauliza wanachama wake. Mmoja kati ya sita alisema ameepuka kuandika au kuzungumzia mada fulani kwa hofu ya kufuatiliwa, na asilimia 28 walikuwa wamepunguza au kuacha baadhi ya shughuli zao kwenye mitandao ya kijamii.

Huu ndio mwitikio unaoniumiza kuliko maandamano yoyote. Maandamano yana tarehe na picha. Swali ambalo mwanafunzi ameogopa kulitafuta, au makala ambayo mwandishi ameiua kichwani kabla ya kuigusa kalamu, haviachi alama ya kuonyesha kwamba vilikuwepo.

Serikali ya Marekani nayo ilikuwa na hoja, na mzizi wake uko kwetu. Agosti 7, 1998, balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa, zaidi ya watu 200 wakafa, wengi wao Wakenya waliokuwa kwenye shughuli zao katikati ya jiji. Mshambuliaji mmoja wa Nairobi alinusurika na kukamatwa, na namba ya Yemen aliyokuwa ameipigia ikawafikisha wapelelezi kwenye nyumba ya Sanaa iliyounganisha mawasiliano ya al-Qaeda. NSA likawa linainasa namba hiyo. Mwaka 2000 nyumba ile ilipigiwa simu kutoka San Diego na Khalid al-Mihdhar, mmoja wa waliokuja kuteka ndege Septemba 11, 2001. NSA lilizinasa simu hizo bila kutambua kwamba mpigaji yuko ndani ya Marekani. Maofisa walisema kumbukumbu za simu za nchi nzima zingeziba pengo hilo.

Kwa watu waliozika ndugu zao kwa sababu ya shambulio lile, hoja hiyo haistahili kubezwa. Inastahili kupimwa. Na ilipimwa: bodi huru ya serikali inayosimamia faragha na uhuru wa raia ilisoma nyaraka za siri, na Januari 2014 ikaripoti kwamba haikuona hata tukio moja la tishio kwa Marekani ambalo mpango wa kumbukumbu za simu ulileta tofauti ya maana katika upelelezi wake. Kesi iliyonadiwa zaidi ilimhusu dereva teksi Msomali wa San Diego aliyehukumiwa, pamoja na wenzake, kwa kupeleka dola 8,500 kwa al-Shabaab. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ikaacha hukumu yake isimame, lakini ikasema ukusanyaji ule ulikuwa kinyume cha sheria, na kwamba maofisa, kama walidokeza kuwa mpango huo ulikuwa na uzito mkubwa katika kesi hiyo, walipingana na kumbukumbu za siri za kesi yenyewe.

Sasa nani alisikilizwa?

Wamarekani walisikilizwa, angalau kwa nusu. Mei 2015 mahakama ya rufaa ya New York ilisema kifungu cha 215 hakikuruhusu kukusanya kumbukumbu za kila mtu. Juni 2 Bunge likapitisha sheria mpya, na mwishoni mwa Novemba ukusanyaji ule wa jumla ukafungwa.

Wazungu wa Ulaya walisikilizwa kwa njia nyingine, na hapa nataka kukaa kidogo. Max Schrems, mwanasheria kijana wa Austria, alilalamika kwa mamlaka ya Ireland, yalipo makao ya Facebook barani Ulaya, kwamba data zake zinapelekwa Marekani ambako NSA linaweza kuzifikia. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleza: sheria ya Ulaya inakataza kuhamishia data ya raia katika nchi isiyoilinda kwa kiwango kinachotosha, nyaraka za Snowden zinaonyesha Marekani hailindi, basi data isihamishwe. Oktoba 2015 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikafuta makubaliano ya kuhamishia data Marekani yaliyotegemewa na maelfu ya kampuni. Yakaundwa mapya, nayo yakafutwa Julai 2020. Mei 2023 kampuni ya Meta, mmiliki wa Facebook, ikatozwa faini ya euro bilioni 1.2. Hasira ya mtu mmoja, ikipata mahakama na sheria yenye meno, ilifika kwenye hesabu za faida, na kampuni zenyewe zikaanza kuibana Washington itafute suluhu.

Wahandisi pia waliitikia. Oktoba 2013 ilipofichuliwa kwamba NSA na wenzao wa Uingereza walikuwa wakichota data kwenye mikongo inayounganisha vituo vya Google na Yahoo, nje ya mlango wa mbele wa mahakama, kampuni hizo ziliharakisha kusimba mawasiliano yao ya ndani. Aprili 2016 WhatsApp ikakamilisha usimbaji wa mwanzo hadi mwisho kwa watumiaji wake bilioni moja. Hili limetufikia sote: mama wa Kigoma anayemtumia mwanawe aliyeko Muscat ujumbe wa sauti anapata kinga ambayo mwaka 2013 hakuwa nayo. Sauti yake imefungwa. Nani alimtumia nani, na saa ngapi, bado kampuni inajua.

Kwa Waafrika habari ni nyingine. Mei 2014 tovuti ya The Intercept iliandika kuhusu mpango wa NSA ulioitwa MYSTIC, uliokuwa ukikusanya kumbukumbu za simu za nchi nzima, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotajwa. Yaani kilekile ambacho Bunge la Marekani lilikikomesha kwa Wamarekani mwaka uliofuata, Mkenya alikuwa akifanyiwa, na ile sheria ya Juni 2015 haikumgusa.

Oktoba 2022 Rais Biden, ili kuiridhisha Ulaya, alisaini amri iliyounda chombo ambacho mgeni anaweza kukilalamikia akihisi data yake imechukuliwa isivyo halali. Ila mgeni huyo lazima atoke katika nchi iliyoteuliwa na Mwanasheria Mkuu wa Marekani. Orodha ikaanza na nchi za Umoja wa Ulaya na jirani zake wachache, ikaja Uingereza, kisha Uswisi. Nchi ya Kiafrika haikuwamo. Na Aprili 2024, kifungu cha 702 kilipoongezewa uhai wa miaka miwili, pendekezo la kudai hati ya jaji lilianguka katika Baraza la Wawakilishi kwa kura 212 dhidi ya 212. Pendekezo lenyewe lilihusu Wamarekani ambao mawasiliano yao yamenaswa pamoja na ya wageni.

Hapa nyumbani serikali zetu zina mikono yao wenyewe katika data zetu. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 kinaipa polisi nguvu ya kudai taarifa za watumiaji. Maxence Melo wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums alikamatwa Desemba 2016 baada ya kukataa kuwataja watumiaji wake, na kesi zake zikaendelea hadi 2020. Sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya 2019 inaacha mlango wazi pale usalama wa taifa unapotajwa. Serikali yenye mlango kama huo nyumbani haina msukumo mkubwa wa kugombana na Washington kwa niaba ya raia wake, na nadhani hii ni sababu nzito ya ukimya wetu rasmi kuliko umaskini au udogo wa soko letu.

Hata hivyo nyenzo aliyoitumia Schrems tunayo kwenye karatasi. Sheria ya Kenya, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania iliyoanza kutumika Mei 2023, zote zina masharti ya kusafirisha data nje ya nchi. Mteja wa benki au wa mtandao wa simu anaweza kuiuliza kampuni kwa maandishi data yake inatunzwa nchi gani na inalindwa na sheria ipi, na asiporidhika na jibu akaenda kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Dodoma, au kwa Kamishna wa Data, Nairobi. Schrems alipoandika malalamiko yake ya kwanza dhidi ya Facebook, mwaka 2011, alikuwa bado mwanafunzi wa sheria.