Gitaa lilivuka mipaka mikononi mwa watu

Mwaka 1979 Mwingereza mmoja, John Low, alifunga safari hadi Shaba, eneo linalojulikana zaidi kwa jina la Katanga, kusini mashariki mwa Kongo. Hakufuata madini. Alikuwa akitafuta walimu wa gitaa. Nyimbo zenyewe zilikuwa kwenye santuri tangu miaka ya 1950, na mwenye sikio zuri angeweza kuzisikiliza popote. Kilichokosekana kwenye santuri ni mkono: kidole gani kinagusa uzi gani, na gumba linafanya nini wakati kidole cha shahada kinaimba. Ndipo alipokwenda kuketi mbele ya wapigaji wenyewe, akina Mwenda Jean Bosco na Losta Abelo. Safari hiyo ilizaa kitabu, Shaba Diary, kilichotoka Vienna mwaka 1982.

Mfanyabiashara wa Busia, Rusumo au Mutukula anayetaka kujifunza gitaa leo yuko mahali pale pale, ingawa ana simu iliyojaa video za masomo. Video hizo zina faida yake. Zitamwonyesha namna ya kushika shingo ya gitaa na mikao ya kwanza ya vidole. Lakini nyingi zinafundisha mkono wa Ulaya na Marekani, na hakuna video inayoweza kumwambia mwanafunzi kwamba bega lake limekaza au kwamba anabonyeza uzi kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Vyuo vipo. Nairobi ina chuo cha muziki cha Kenya Conservatoire, kilichoanzishwa mwaka 1944. Zanzibar kuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanza mwaka 2002 na kwa miaka mingi kikafundisha katika jengo la zamani la forodha, Mji Mkongwe. Ni nadra jengo la ushuru kupata kazi nzuri namna hiyo. Hata hivyo, chuo kina ratiba, na anayefuata siku za gulio hana. Jumanne yuko sokoni upande huu, Alhamisi upande ule, na Jumamosi mzigo umekwama kwenye foleni ya malori. Mtu wa namna hiyo anahitaji mwalimu binafsi, anayefundisha mmoja mmoja kwa saa wanayopatana.

Na hivyo ndivyo gitaa lilivyoenea katika nchi hizi tangu mwanzo. Bosco alizaliwa Bunkeya mwaka 1930. Mtafiti Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, na wimbo wake Masanga ukasikika mbali sana na Katanga. Mwishoni mwa miaka ya 1950 yeye na binamu yake, Edouard Masengo, walifika Nairobi, na vijana wa huko wakapata kuona kwa macho mkono waliokuwa wakiusikia kwenye santuri. Waliimba kwa Kiswahili, cha Katanga lakini Kiswahili, kwa hiyo hapakuhitajika mkalimani. Magharibi mwa Kenya, George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alikuwa bingwa wa mtindo wa omutibo, ambao husindikizwa kwa chupa ya soda inayogongwa.

Orodha ni ndefu, na karibu kila jina ndani yake lina muhuri wa mpakani. Daniel Owino Misiani, aliyeitwa mfalme wa benga ya Kenya, alizaliwa karibu na Shirati, Tanzania. Ndugu Wilson na George Peter Kinyonga walitoka Tanga wakapitia Arusha, na mwaka 1971 wakahamia Nairobi, walikoipa Afrika Mashariki bendi ya Simba Wanyika. Remmy Ongala alitoka Kindu, Kongo, akaingia Dar es Salaam mwaka 1978 na kuwa mwimbaji wa mji huo kuliko wenyeji wengi. Kongo yenyewe ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Gitaa lake lilikuwa limetangulia kwa miaka zaidi ya 60.

Hao wote hawakujifunza kutoka kwenye karatasi. Mkubwa alipiga, mdogo akatazama, akaiga, akakosolewa. Uzuri wa njia hiyo ndio udhaifu wake. Mtindo ambao haujaandikwa unaishi muda ule ule anaoishi mwenye nao. Bosco alifariki mwaka 1990, Misiani mwaka 2006, Ongala mwaka 2010. Wazee waliopiga solo na rithim kwenye bendi za miaka ya 1970 sasa ni wachache, na wengi wao hawana kibao mlangoni kinachosema wanafundisha. Wengine waliacha gitaa zamani kwa sababu halikuwalisha. Mfanyabiashara anayezunguka miji mitatu kwa wiki ana nafasi ambayo hata mwanafunzi wa chuo kikuu hana: anaweza kuulizia Bukoba, akaulizia Kisumu, akaulizia Bujumbura, mpaka ampate mzee mmoja ambaye bado ana mkono wake.

Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu Desemba 2021, inaonyesha vizuri kwa nini mwalimu hana mbadala. Muziki huo haupigwi na gitaa moja. La kwanza linashikilia mwendo, la pili linajibu, na solo linapita juu yao. Anayejifunza peke yake ana kipande kimoja tu, kama mtu anayejadili bei na kiti kitupu. Mwalimu akishika gitaa la pili, mwanafunzi wa mwezi wa pili anayejua mikao mitatu tu ya vidole anaanza kusikia wimbo kamili, na hapo ndipo wengi wanapoamua kuendelea.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwalimu lisiwe vyeti. Aombwe apige. Kama mwanafunzi anataka benga na mwalimu anajua nyimbo za kwaya tu, ni heri wajue mapema. Aulizwe pia alijifunza kwa nani. Mpigaji mzuri hujibu swali hilo kwa furaha, mara nyingi kwa hadithi ndefu. Kisha itazamwe saa ya kwanza inavyokwenda. Mwalimu makini huanza kwa kupatanisha nyuzi, na humfanya mwanafunzi azipatanishe mwenyewe kabla ya kumfundisha wimbo wowote. Wapigaji wa zamani walikuwa na namna zao za kupatanisha nyuzi, tofauti na ile ya vitabuni, na mzee akimwonyesha mtu namna yake, hiyo peke yake inatosha nauli.

Wiki za mwanzo ncha za vidole zitauma. Ni kawaida, na ngozi itakomaa. Dakika 20 kila siku, hata dukani wateja wakipungua, zinazaa kuliko saa tatu za Jumapili.

Malipo yapatanwe kwa maneno yaliyo wazi kama biashara nyingine yoyote: kwa somo au kwa mwezi, na nani anabeba hasara ya somo lililokosekana kwa sababu basi lilichelewa mpakani. Wapo wanafunzi wanaolipa bei ya gunia la mahindi bila kusita lakini wakamkopa mwalimu miezi miwili, kwa kuwa alichowapa hakionekani. Hilo ndilo lililowafukuza wazee wengi kwenye gitaa. Kurekodi mkono wa mwalimu kwa simu ni njia nzuri ya kufanya mazoezi safarini, ila aombwe ruhusa. Video ikienda kwa watu wengine, mwalimu ametoa bidhaa yake bure.

Kuhusu chombo chenyewe, gitaa kavu linatosha kuanzia. Nyuzi za nailoni ni laini zaidi kwa vidole vipya, lakini mlio wa Katanga na wa omutibo unataka za chuma. Kabla ya kununua, mwalimu alikague, hasa umbali wa nyuzi kutoka kwenye shingo. Zikikaa juu sana, mwanafunzi atadhani hana kipaji, kumbe tatizo ni gitaa.

Kwenye kituo cha forodha, gitaa moja la mtu mwenyewe, lililotumika, ni mzigo wa msafiri. Matano mapya ndani ya maboksi ni bidhaa, na yakiwa yametengenezwa China hayawi ya Afrika Mashariki kwa kuwa yamenunuliwa Kampala. Ule utaratibu wa cheti rahisi cha uasili kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 hauyahusu. Risiti iwe karibu. Na kabla ya safari ndefu ya basi nyuzi zilegezwe kidogo, na gitaa lipakatwe, lisiingizwe kwenye buti, ambako joto hulegeza gundi na magunia ya viazi huvunja shingo.