Kadi ya Mama Ianzie Kliniki

Bunge la Jamhuri ya Muungano lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023, lilikata shauri kwamba maradhi yasiwe tena sababu ya kumfilisi mwananchi. Hilo ni jambo kubwa, nasi tunaliunga mkono bila kusita. Lakini sheria ya namna hii hupimwa kwa mtu wa mwisho inayemfikia. Katika mkoa wetu wa Kagera mtu huyo ni mama mja mzito wa Nyamigogo, na mwenzake wa vijiji vya Ngara vilivyo mpakani, na yule wa visiwa vya Bumbire, Goziba na Kerebe ambaye hana budi kungoja chombo na utulivu wa ziwa kabla ya kuifikia hospitali.

Wako watakaosema kwamba suala la mama mja mzito lilikwisha malizwa zamani. Wananchi walipoanza kuchangia gharama za matibabu katika miaka ya 1990, akina mama waja wazito na watoto wa chini ya miaka mitano walisamehewa, na Sera ya Afya ya mwaka 2007 ikaurudia msamaha huo. Ni kweli, tena matunda yake yameonekana. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba akina mama 81 katika kila 100 walijifungulia katika vituo vya huduma, ambapo katika ule wa mwaka 2015/16 walikuwa 63. Makadirio ya vifo vitokanavyo na uzazi nayo yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Hakuna mwenye haki ya kuibeza kazi hiyo.

Hata hivyo, msamaha ni kitu kimoja na bima ni kitu kingine. Msamaha humwambia mama asilipe, lakini hausemi ni nani atakayelipa badala yake. Glovu, maji ya dripu, dawa ya kuzuia damu na uzi wa kushonea vyote vina bei. Zahanati inapomhudumia mama bure pasipo kurudishiwa gharama, akiba yake hupungua. Kabati linapobaki tupu, mama huandikiwa karatasi na jamaa zake huelekezwa dukani. Hapo neno “bure” limekwisha kupoteza maana yake, wala si kosa la mkunga ambaye hakupewa kitu cha kumpa mgonjwa. Bima ya kweli hufanya kinyume cha hayo: fedha humfuata mama, na kituo kinachomhudumia hupata cha kununulia dawa za mama anayefuata.

Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanza kwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996, ulikusudiwa kuwa jibu la mwananchi wa kijijini. Mpango ulioboreshwa wa mwaka 2018 uliitaka kaya isiyozidi watu sita kulipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Nia ilikuwa njema, lakini mwenendo wake una mafunzo matatu ambayo wapangaji wa bima mpya hawana budi kuyazingatia.

Funzo la kwanza ni la majira. Mkulima wa kahawa, maharage au mahindi hupata fedha baada ya mavuno, lakini mimba haingoji mavuno. Mvuvi wa kisiwani naye huhamahama kwa kufuata samaki, hata daftari la kijiji likamkosa. La pili ni la hesabu ya kaya. Katika nyumba yenye baba, mama na watoto wanne kadi imekwisha kujaa, na mtoto anayezaliwa ni wa saba. Ni ajabu kwamba mpango wa kumlinda mama uweze kumwacha nje mtoto aliye mapajani mwake. La tatu ni la mipaka. Huduma za kadi hiyo zilipangwa kukomea katika hospitali ya rufaa ya mkoa, nayo iko Bukoba. Kwa mtu wa Biharamulo, hospitali ya rufaa ya kanda iliyoko Chato ni karibu kuliko Bukoba. Chato yenyewe ilikuwa sehemu ya wilaya ya Biharamulo kabla ya kugawanywa, na sasa iko mkoa wa Geita. Mama anayevuja damu haulizi mpaka wa mkoa uko wapi.

Basi lifanyike nini? Sisi tunasema kadi ya mama ianzie kliniki. Siku mama anapohudhuria kliniki kwa mara ya kwanza, aandikishwe hapo hapo na muuguzi anayempima, pasipo kutumwa kwa mtendaji kutafuta barua ya kuthibitisha umaskini wake. Mimba yenyewe iwe hati ya kutosha. Jambo hili si ndoto. Kuanzia mwaka 2012 mradi wa Tumaini la Mama, ulioendeshwa na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kwa msaada wa Ujerumani, uliwaandikisha akina mama wa namna hiyo katika mikoa ya Mbeya na Tanga. Jirani zetu wa Kenya nao waliendesha mpango wa Linda Mama hadi mwaka 2024, walipoingia katika utaratibu mpya wa bima yao. Lililowezekana Tanga halishindikani Kagera.

Pili, kadi isife siku mama anaporuhusiwa kutoka wodini. Wazee wetu walihesabu arobaini ya mzazi, na waganga wa hospitali nao huhesabu siku 42, kwa kuwa damu, homa na kifafa cha uzazi huweza kumpata mama akiwa amekwisha kurudi nyumbani. Mtoto naye ahesabiwe kuwa mwanachama tangu anapozaliwa, hata kama ndugu zake ni kumi.

Tatu, hospitali za mashirika ya dini, kama Murgwanza na Rulenge wilayani Ngara, ambazo kwa miaka mingi zimebeba mzigo pamoja na Serikali, zilipwe madai yao kwa wakati. Nne, usafiri uhesabiwe kuwa sehemu ya matibabu. Mpango wa m-mama, ulioanzia kanda hii ya Ziwa na kuzinduliwa kwa taifa zima mwaka 2022, umeonyesha kwamba simu ya bure ya namba 115 inaweza kumletea mama gari. Huko visiwani gari halifiki, kwa hiyo boti ya dharura na mafuta yake viwekwe katika hesabu hiyo hiyo.

Tunajua kwamba haya yote yanataka fedha. Sheria yenyewe imeweka mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo, na katika kampeni za mwaka 2025 wananchi waliahidiwa kwamba bima hiyo itaanza na wazee, watoto, waja wazito na watu wenye ulemavu. Ahadi hiyo ni deni. Tunawaomba wakurugenzi wa halmashauri na waganga wakuu wa wilaya waihesabu kazi yao kwa idadi ya akina mama walioshika kadi mkononi, si kwa idadi ya semina zilizofanyika.

Wananchi nao wana wajibu. Mama awahi kliniki mimba ikiwa changa, na mume amsindikize badala ya kungoja aitwe saa ya hatari. Wenzetu wa visiwani wadai kuandikishwa huko huko waliko, katika zahanati na mialo yao. Hiyo ni haki yao kama ilivyo haki ya mtu wa mjini, na hakuna kiongozi anayepaswa kuiona kuwa ni usumbufu.

Mama huweka maisha yake hatarini ili taifa lipate mtu. Taifa lisimwachie pia bili ya hospitali.